Sura ya Sita: Ngozi ya Ndani

Mpira wa mafuta wa kwanza niliowahi kuupasua kwa wembe, kutoka ncha hadi ncha, ulikuwa na urefu wa sentimita 30 na kwa nje ulionekana mzima. Niliutoa kwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, kati ya pampu ya petroli na kabureta. Ulikuwa umevikwa kitambaa cha pamba kilichosukwa, kama ilivyokuwa mipira mingi ya Kijerumani ya enzi zile, na kitambaa hicho hakikuwa na kasoro ila uchafu. Nilipoufungua nilikuta ndani nyufa ndogondogo zimetandaa kama tope la bwawa lililokauka. Nilipokunja kipande kimoja, nyufa ziliachama hadi uzi ukaonekana. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimeliendesha gari hilo na wanangu wawili wakiwa kiti cha nyuma, na kwenye Beetle kiti cha nyuma ndicho kilicho jirani na injini.

Niliutoa mpira ule kwa sababu petroli ilikuwa imebadilika. Tarehe 1 Septemba 2021, petroli ya kawaida katika sheli za Uingereza, ninakoishi, ilitoka E5 ikawa E10. Ireland ya Kaskazini ilifuata Novemba 2022. Herufi E ni ethanoli, pombe itokanayo na miwa, mahindi au ngano iliyochachushwa, na namba inayofuata ni kiwango chake cha juu kwa mia. Serikali ilisema hatua hiyo ingeweza kupunguza hewa ya ukaa kwa tani 750,000 kwa mwaka, na kwamba magari yote yaliyouzwa mapya tangu 2011 yanaweza kuitumia bila wasiwasi. Sisi wenye magari ya zamani tuliambiwa tununue petroli ya super, iliyoachwa kuwa E5. Ushauri huo ni mzuri na mimi huufuata ninapoweza. Lakini super ni ghali, sheli ndogo za vijijini nyingi hazina, na E5 nayo ina ethanoli. Gari linalopona kwa kutegemea pampu fulani ya sheli fulani halijapona.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani habari hii ni ya Wazungu peke yao. Katika miaka ya 1980, waendesha magari wa Nairobi walijaza gasoholi iliyochanganywa na ethanoli ya molasi kutoka kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company cha Muhoroni, na mpango huo ulikoma mwaka 1993. Malawi ilianza kuchanganya mwaka 1982 kwa ethanoli ya Dwangwa, kandokando ya Ziwa Nyasa, na haikuacha mpango huo, ingawa kiwango hupanda na kushuka kulingana na ethanoli iliyopo. Gari la Kyela likivuka mto Songwe na kujaza tenki Karonga laweza kurudi nyumbani na pombe ya miwa tumboni, mwenyewe asijue. Uganda nayo ilitunga sheria ya nishati itokanayo na mimea mwaka 2020, inayoruhusu uchanganyaji wa hadi asilimia 20. Na ukanda huu wote umejaa magari ya miaka ya 1970 na 1980 ambayo bado yanafanya kazi za kila siku, wala si ya maonyesho.

Sasa ethanoli inaufanya nini mpira? Watu husema pombe "inakula" mpira, na kauli hiyo inapotosha, kwa sababu mtu huishia kudhani kwamba pombe ikiwa kidogo, madhara nayo ni kidogo. Chukua mpira wa nitrile, ambao ndio uliotumika kutengeneza mipira mingi ya mafuta ya magari yetu. Tumbukiza kipande chake katika petroli tupu, kitavimba kiasi. Tumbukiza kingine katika ethanoli tupu, nacho kitavimba kiasi. Kisha changanya petroli na ethanoli, ethanoli iwe kati ya sehemu 10 na 25 kwa mia, utumbukize kipande cha tatu. Hicho kitavimba kuwashinda wenzake wote wawili.

Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza sikuliamini, mpaka nilipoelewa maumbile ya nitrile. Mnyororo wa molekuli zake una sehemu zinazopatana na mafuta, na sehemu nyingine zenye chaji kidogo ambazo hupatana na vitu kama pombe. Petroli ikija peke yake, sehemu za kwanza huipokea na za pili huikataa. Ethanoli ikija peke yake, mambo hugeuka. Zikija pamoja, kila sehemu ya mpira humpata mgeni wake, na hakuna inayobaki imefunga mlango. Kwa hiyo mchanganyiko tuliopewa sheli, wa asilimia 10, umeangukia palepale ambapo mpira wa zamani hauna kinga.

Kuvimba kwenyewe si mwisho wa ubaya. Mtengenezaji wa mpira huuchanganya na mafuta maalumu ya kuulainisha, ili uweze kupinda bila kuvunjika. Petroli yenye ethanoli huingia, huyayeyusha mafuta hayo na kutoka nayo. Maadamu mpira una petroli ndani, umevimba na hauonyeshi dalili. Ukiliacha gari gerejini kipupwe kizima, petroli hukauka, mpira hunywea, na kwa kuwa ulaini wake umekwisha kuchukuliwa, hukakamaa na kupasuka. Ndiyo maana naogopa zaidi gari linalotolewa mara moja kwa mwezi kuliko teksi kuukuu inayozunguka mchana kutwa. Yako na madhara mengine ya ethanoli: huvuta maji, na ikishayavuta kupita kiasi hujitenga na petroli ikazama nayo chini, ikaanza kuozesha chuma. Hayo ni ya sura ya tenki, tutayafikia.

Turudi kwenye mpira. Ukiingia dukani utaonyeshwa mipira myeusi iliyofanana kama mapacha, na bei zao zikiachana mara tatu au nne. Tofauti imeandikwa ubavuni. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kina kanuni iitwayo J30 inayogawa mipira ya mafuta kwa herufi R na namba. Zile utakazokutana nazo sana ni R6, R7 na R9. R6 na R7 zilikusudiwa mifumo ya kabureta, yenye shinikizo dogo. R9 ilitungwa kwa ajili ya injini za EFI, zinazonyunyiziwa petroli badala ya kutumia kabureta, zenye pampu ya umeme na shinikizo kubwa, na mwenye gari la kabureta hushawishika kusema kwamba hiyo haimhusu, kwa sababu pampu yake ya zamani haisukumi hata psi tano.

Shinikizo silo ninalolitafuta katika R9. Kanuni hiyo hupima pia mvuke wa petroli unaopenya ubavuni mwa mpira mzima, usio na ufa wowote. R6 inaruhusiwa kupitisha gramu 600 kwa kila mita ya mraba kwa saa 24. R7 inaruhusiwa gramu 550. R9 inaruhusiwa gramu 15. Kama umewahi kufungua gereji asubuhi ukakaribishwa na harufu ya petroli, ukamulika tochi chini ya gari usione hata tone, hapo ndipo petroli ilipopita.

Kinachoizuia ni ngozi ya ndani. Mpira wa R9 ulio halali una utando mwembamba wa mpira wenye florini, jamii ya ile ambayo DuPont ilianza kuiuza kwa jina la Viton mwaka 1957, ikitafutwa na watengeneza ndege. Nyuma ya utando huo kuna mpira wa bei nafuu zaidi, kisha nyuzi za kuupa nguvu, kisha ganda la nje la kuhimili joto na hewa. Utando wa ndani huwa mwembamba kwa sababu malighafi yake ni ghali sana. Nao huvimba kidogo katika petroli yenye ethanoli, lakini kwa kiasi kinachovumilika, na hauachi mvuke upite ovyo. Ganda la nje linaweza kuwa zuri, laini na lenye kung'aa, na lisiwe na lolote la kukueleza kuhusu utando huo.

Hapo ndipo nilipoumia. Mpira niliouweka badala ya ule uliopasuka ulikuwa umeandikwa R9 kwa herufi nyeupe zilizonyooka. Niliununua mtandaoni kwa bei iliyonifurahisha. Baada ya miezi saba nikaona mistari kwenye pindo karibu na kabureta, nikaukunja kwa vidole, nao ukaachama nje kama gome la mti. Muuzaji alinijibu kwamba nimeufunga vibaya. Baadaye nikagundua kwamba vilabu vya wenye magari ya zamani vya nchi hii vilikuwa vimejaa malalamiko ya namna hiyohiyo: mipira yenye maandishi sahihi, ikipasuka kabla ya mwaka. Maandishi ni wino, na wino huchapwa na yeyote mwenye mashine.

Tangu hapo sifungi mpira nisioujaribu. Kwanza natazama kama maandishi yamekamilika: jina la mtengenezaji, SAE J30 R9 kwa ukamilifu, kipenyo, na tarehe ya kutengenezwa. Mpira usiotaja aliyeutengeneza naurudisha. Kisha nakata ncha kwa wembe mpya na kuitazama kwenye mwanga. Mara nyingi utando wa ndani huonekana kama pete nyembamba yenye mng'ao wake. Usipoonekana, bado sijahukumu.

Jaribio lenyewe nililitunga kwa hesabu ya haraka nyuma ya bahasha. Watu hupenda kutumbukiza kipande cha mpira kwenye chupa ya petroli wakasubiri. Kwa R9 njia hiyo haifai, kwa sababu ganda la nje halikutengenezwa kuogelea kwenye petroli, na mpira mzuri utaonekana mbovu. Badala yake, jaza petroli ndani ya mpira. Kata sentimita 30 za mpira wa milimita 6, ziba ncha moja kwa bolti isiyo na meno na klipu, mimina petroli huku ukiacha nafasi kidogo ya hewa, ziba ncha ya pili, uufute ukauke. Upime kwa mizani ya jikoni, kisha utundike nje kivulini, mbali na moto, jiko, sigara na watoto. Eneo la ndani la kipande hicho ni kama mita ya mraba 0.0057. Mpira uliofika kikomo cha R7 unaweza kupoteza gramu tatu kwa siku. R9 ya kweli haitafikisha gramu moja kwa wiki nzima. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inatosha kabisa kukupa jibu.

Nilitundika vipande viwili kwenye uzio wa nyuma ya nyumba: mabaki ya ule ulionipasukia, na mpira mpya niliougharimia kwa muuzaji wa vifaa aliyekubali kunitajia kwa maandishi utando wa ndani ni wa nini. Kesho yake asubuhi wa kwanza ulikuwa umepungua gramu mbili. Wa pili hadi siku ya tano mizani haikuwa imeona tofauti.

Ipo na njia ya pua, ambayo niliiona utotoni Mombasa kwa fundi mmoja jirani yetu, mzee aliyekuwa akitengeneza Peugeot 404. Alikuwa akichukua kitambaa safi, akakipitisha polepole juu ya mpira wote kuanzia tenki, halafu akatoka nje ya gereji kabla ya kukinusa, kwa sababu ndani ya gereji pua imekwisha kuzoea. "Mwanangu, nusa kabla hujatazama," aliniambia. Kitambaa kikinuka petroli ilhali mpira ni mkavu, mpira umekwisha. Alikuwa akipima upenyaji wa mvuke bila mizani, na sijaona kanuni iliyomzidi kwa wepesi.

Nimelisisitiza hili kwa sababu ya mahali mpira wenyewe ulipo. Katika Beetle, tenki liko mbele na injini nyuma. Petroli hupita katika mrija wa chuma ndani ya sakafu, ikatokea karibu na gia boksi, na hapo huanza mpira. Pampu imesimama bega kwa bega na distribyuta inayorusha cheche. Chini yake kuna injini ambayo kasha lake ni la aloi ya magnesi, madini ambayo yakishika moto hayazimiki kwa ndoo ya maji. Tone moja linaloanguka hapo halihitaji bahati mbaya kubwa. Kasoro nyingine ya gari hili ni kipande cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta ya Solex: kimeshindiliwa tu, na baada ya miaka hulegea kikachomoka kikiwa na mpira wake. Wengi huning'iniza filta ya petroli papo hapo, na uzito wake hukivuta zaidi kila gari linapotikisika. Niliihamishia filta yangu chini ya gari, karibu na tenki. Kama unayo Beetle, fanya hivyo leo, hata kabla ya kununua mpira mpya.

Kuhusu mipira mingine nitasema kwa ufupi. Mpira wa maji ya rejeta huvimba vibaya sana kwenye petroli, usiuguse. Silikoni, pamoja na rangi zake za kupendeza, hupitisha mvuke kama chandarua. Plastiki inayoonyesha ndani, ile ya pikipiki, hugeuka njano ikakakamaa, na mpira wa dripu wa hospitali, ambao nimeuona ukiunganisha chupa ya petroli na kabureta barabarani, ni wa kukufikisha gereji tu, nao pia naukataza. Mipira yenye utando wa Teflon na wavu wa chuma ni bora kuliko R9, lakini inadai viungo vyake maalumu. Huwezi kuichomeka kwenye kimrija cha kabureta ukaikaza kwa klipu. Na pale panapowezekana, punguza mpira wenyewe. Weka mrija wa aloi ya shaba na nikeli sehemu iliyonyooka, na ubakize mpira pale tu ambapo injini inacheza.

Kipenyo kiingie kwa kubana. Mpira unaoingia bila kusukumwa ni mkubwa, na klipu haiwezi kuutibu. Vipimo vya Kijerumani ni vya milimita na vya Kiingereza ni vya inchi, na robo inchi ni milimita 6.35. Tofauti hiyo ndogo imeshavujisha petroli nyingi. Klipu nazo zina lawama yake. Zile za kawaida zenye mkanda uliotobolewa matundu huuma ganda la nje, na fundi mwenye nguvu akizidisha mzunguko mmoja wa bisibisi hukata hadi kwenye nyuzi. Zipo klipu ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya mipira ya EFI, mkanda wake ni laini na kingo zimekunjwa nje. Bei yake ni ndogo mno kuweza kujadiliwa. Kaza, liache gari lipate joto na kupoa mara mbili, kisha ukaguse tena.

Halafu tafuta mipira iliyojificha. Kila mtu hubadilisha ile inayoonekana akifungua boneti. Mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tenki, ambao kwenye magari mengi umekaa nyuma ya kapeti ya buti, husahauliwa kwa miaka 40, na ndio unaozijaza harufu nguo za abiria. Kimipira cha kupumulia tenki kipo pia. Baadhi ya magari yana kipande ndani ya tenki lenyewe, kimezama kwenye petroli, na hapo R9 haifai kwa sababu niliyokwisha kuitaja: ganda lake la nje. Kwa ndani ya tenki ipo R10, ni ghali kupindukia, na unahitaji kipande kifupi tu. Mwisho, ndani ya pampu kuna dayaframu na ndani ya kabureta kuna sindano yenye ncha ya mpira. Nunua vifaa vya ukarabati vilivyoandikwa kwamba vinastahimili ethanoli, ufanye kazi yote siku moja. Filta ibadilishwe siku hiyohiyo, na tena baada ya mwezi, maana ethanoli huosha uchafu wa zamani ulioganda kwenye tenki na kuuleta wote mbele.

Mwaka jana binamu yangu wa Kyela, mwenye Land Rover Series III ya petroli, alinipigia kuniuliza kama mambo haya yanamhusu. Nilimwambia atafute chupa ndefu ya kioo yenye mistari ya mililita, aweke maji mililita 10, aongeze petroli aliyojaza ng'ambo mililita 100, afunge, atikise, aiweke wima chini ya mwembe na asiiguse kwa dakika kumi. Maji hukaa chini, petroli juu. Kama petroli ni tupu, maji yatabaki kwenye mstari wa 10. Kama ina ethanoli, ethanoli itaiacha petroli na kuyafuata maji, na mstari utapanda.

Alipiga tena jioni, nyuma yake nikisikia watoto wakibishana nani ashike chupa.

"Kaka, umepanda. Uko karibu na kumi na sita."

Wiki hiyo nilimtumia mita tatu za mpira, klipu kumi na mbili, na kipande cha utepe mweupe cha kubandika karibu na pampu, kimeandikwa tarehe.